Filamu za Krismasi ambazo hazitajwi: jibu refu kwa mleta mada

Mleta mada kauliza swali la msingi. Kila Desemba ni yule mtoto wa Home Alone aliyesahaulika nyumbani na wale wezi wawili. Ukibadilisha chaneli unamkuta tena. Anataka filamu za Krismasi ambazo watu hawazitaji lakini ni nzuri kweli, na siyo zile za dada wa mjini anayerudi kwao na kumpenda kaka muuza miti, ambazo dakika ya tano ushajua mwisho.

Nitataja nilizozitazama na kuzirudia. Utaona zinafanana kwenye kitu kimoja: hakuna Baba Krismasi anayekuja kumtoa mtu kwenye shida. Watu wana kazi, madeni, kesi, hata vita, na sikukuu inawakuta humohumo.

Kama una nafasi ya moja tu, tazama The Shop Around the Corner ya mwaka 1940, iliyoongozwa na Ernst Lubitsch. Usiikimbie kwa sababu haina rangi. Tuko Budapest, kwenye duka la mzee Matuschek linalouza mikoba na bidhaa za ngozi. Stelingi ni James Stewart, muuzaji mkuu anayeitwa Kralik. Margaret Sullavan ni Klara, muuzaji mgeni. Dukani hawapikiki chungu kimoja, kumbe kila mmoja anaandikiana barua za mapenzi na mtu asiyemjua, na mtu mwenyewe ndiye huyohuyo anayegombana naye mchana kutwa. Ukiwa umeona You've Got Mail ya 1998, hadithi ni hiyo, wameihamishia kwenye kompyuta.

Ila mapenzi siyo yaliyonikamata. Mimi nimeuza viatu Kariakoo, tena msimu wa sikukuu, na sijaona filamu nyingine inayoijua kazi ya duka namna hii. Asubuhi wafanyakazi wamejikusanya nje wakipiga umbea, wanasubiri tajiri aje afungue. Akitokea, kila mtu anabadilika sura. Kuna mmoja anaitwa Pirovitch, mtu wa familia, asiyetaka makuu. Kila akisikia tajiri anatafuta mtu wa kumpa maoni ya kweli, anageuka na kuzipanda ngazi kabla jina lake halijatajwa. Kila duka nililofanya kazi lilikuwa na Pirovitch wake, na ndiye aliyedumu kuliko wote.

Halafu kuna kisanduku cha sigara kinachopiga muziki ukikifungua. Tajiri kakipenda, Kralik anamwambia hakitauzika. Klara, ambaye ndiyo kwanza kaja kuomba kazi na kuambiwa hakuna, anakidaka na kumuuzia mama mmoja mnene, akimwambia ni kisanduku cha peremende: kila ukifungua, muziki unakukumbusha usizidishe. Kazi kapata papo hapo. Lakini Kralik ndiye aliyekuwa na haki, maana baadaye unaviona vimerundikwa dirishani kwa bei ya kutupa. Aliyewahi kuuza mzigo ambao tajiri aliuchagua mwenyewe bila kumsikiliza mtu atanielewa.

Katikati panakuwa pazito. Mzee anahisi mke wake anatoka na mmoja wa wafanyakazi, anamshuku asiye mhusika, na kibarua cha Kralik kinaota nyasi siku chache kabla ya sikukuu bila mwenyewe kujua kosa lake. Sisemi zaidi. Ila mkesha wa Krismasi, duka likishafungwa, mzee kasimama barabarani kwenye theluji, nyumbani hana mtu. Anawapima wafanyakazi mmojammoja, kila mtu ana kwao pa kwenda. Anabaki kijana mpya wa kutumwatumwa, ambaye hana ndugu pale mjini. Mzee anaanza kumtajia watakavyokula: supu, bata bukini wa kuchoma, saladi ya matango. Mtazame usoni yule kijana. Tarehe 24 Dar, mabasi ya Moshi yakishaondoka yamejaa na wewe ndiyo unafunga hesabu saa nne usiku, tajiri wa hivyo ungemuombea dua.

Ya pili nayo ni ya 1940, Remember the Night, iliyoandikwa na Preston Sturges. Barbara Stanwyck ni mwizi wa madukani, kakamatwa kwa kuiba bangili New York. Fred MacMurray ni wakili wa serikali, naye anajua kwamba karibu na Krismasi mioyo ya wazee wa baraza inalainika, kwa hiyo anafanya mbinu kesi iahirishwe mpaka sikukuu ipite. Kisha dhamira inamsuta, maana yule dada atakula Krismasi mahabusu. Anamtafutia dhamana, na kwa kuwa wote kwao ni Indiana, wanasafiri pamoja kwa gari. Wanaanzia kwa mama wa binti, na pale mlangoni ndipo unapojua mwizi alitokea wapi. Yule mama hajasahau pesa anazodai bintiye alimwibia zamani, wala hataki kusahau. Kutoka hapo wanakwenda kwa mama wa wakili, ambako ni nyumba kabisa, na tatizo jipya linaanza: utampelekaje jela mtu ambaye mama yako kashamzoea? Mama yangu Kiingereza hakipandi, nilimtafsiria mwanzo mwisho kama wale majamaa wa vibanda vya video, na alimlaani yule mama wa binti mpaka filamu ikaisha.

Joyeux Noël ya 2005, ya Christian Carion, inahusu Krismasi ya 1914 kwenye mahandaki ya Ufaransa, pale wanajeshi wa pande mbili walipoweka silaha chini na kupeana mikono. Jambo hilo lilitokea kweli sehemu mbalimbali za ule mstari wa mbele. Ni Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, ileile ambayo mwezi uliotangulia, Novemba 1914, Waingereza na Wajerumani walipigana Tanga. Ndani kuna askari wa Kifaransa mwenye saa ya kengele inayolia kila siku saa nne asubuhi, kwa sababu ndiyo saa aliyokuwa akinywa kahawa na mama yake, na kijiji cha mama kiko upande wa pili wa Wajerumani. Hiyo saa ifuatilie mpaka mwisho. Filamu pia haifichi kwamba wakubwa walikasirika na askari wakaadhibiwa, na hapo ndipo ilipozipita nyingi za aina yake.

Wapenzi wa katuni, tafuteni Tokyo Godfathers ya 2003, ya Satoshi Kon. Watu watatu wasio na makazi, mzee mlevi, binti aliyetoroka kwao, na Hana, aliyezaliwa mwanamume na anaishi kama mwanamke, wanaokota kichanga kwenye takataka usiku wa Krismasi, kisha wanazunguka Tokyo nzima kumtafuta mama yake. Mambo yanayotokea kwa sadfa ni mengi mno, lakini huyo mwongozaji ameyafanya kwa makusudi. Wadogo wasubiri wakue kwanza.

A Naija Christmas ya Mnigeria Kunle Afolayan, 2021, ipo Netflix: mama anataka wajukuu, anawaahidi wanawe nyumba. Ya kucheka tu, lakini kelele za ile familia ni za kwetu kabisa.

Tahadhari ya mwisho kwa wapakuaji. Joyeux Noël inaongea Kifaransa, Kijerumani na Kiingereza kwa kupokezana, kwa hiyo hakikisheni faili lina maandishi ya chini kabla bando halijakata. Na wanaosema hawawezi kuangalia picha isiyo na rangi, dakika ishirini za Matuschek zitatosha. Zikishindwa, rudini kwa yule mtoto, atakuwepo tu.