Umecheka na vichekesho vya mgomo? Sasa fungua mkataba wako

Mi ni mtu wa kulala saa nane usiku. Natafsiri, na kazi za kutafsiri zina tabia ya kuingia jioni zikitakiwa asubuhi, kwa hiyo miaka yote wenzangu wa usiku wamekua wale jamaa wa vipindi vya vichekesho vya usiku kwenye TV za Marekani, Colbert, Kimmel, Seth Meyers, John Oliver, naweka klipu zao pembeni nasikiliza huku nachapa. Siasa zao nyingi zinanipita tu. Ila wakianza kuongelea migomo na kazi zinavobadilika, hapo vidole vinasimama.

Na hapo ndo nilipokosea kwa muda mrefu. Nilikua nikisikia mzaha mkali kuhusu mabosi wa studio nacheka mpaka machozi, naurusha kwenye grupu la watafsiri wenzangu, roho inatulia, nalala. Asubuhi naamka na mkataba uleule ambao sijawahi kuusoma ukurasa wa pili.

Kilichonishtua ni tarehe 2 Mei 2023, waandishi wa WGA, chama cha waandishi wa filamu na TV cha Marekani, walipoanza mgomo. Tamthilia ziliendelea kuonyeshwa maana zilisharekodiwa, lakini vipindi vya usiku vilizimika papo hapo, yani vichekesho vyao vinaandikwa mchana kwa habari za siku hiyohiyo, hakuna akiba stoo. Tena 2008, mgomo uliopita ukiwa bado unaendelea, Conan O'Brien, mtangazaji mwingine wa vipindi hivyo, alirudi hewani bila waandishi wake, akawa anazungusha pete yake ya ndoa mezani kujaza muda (mi nilicheka sana, ila ukifikiria vizuri ile pete ndo ilikua inaonyesha kazi ya waandishi kuliko hotuba yoyote).

Kwa hiyo kabla hujasema neno mgomo jiulize hivi: nikiacha kazi leo, nani ataona, na ataona lini? Waandishi wa Colbert walipoacha, nchi nzima iliona usiku uleule. Mi nikiacha, ofisi inatuma faili kwa mtu mwingine dakika 10 baadae na mteja hajui hata nilikuwepo. Jibu linauma lakini ni bora ulijue mapema.

Sisi hatukulijua. Ofisi niliyokua nachukulia kazi ilituandikia kwamba kuanzia mwezi unaofuata mashine itatafsiri, sisi tutarekebisha tu, na malipo yatakua nusu. Nusu! Wakati kurekebisha tafsiri mbovu ya mashine mara nyingine kunakula muda kuliko kuanza upya, maana inakosea kwa ufasaha, sentensi inateleza vizuri afu maana imegeuka. Tukawaka kwenye grupu, tulikua 11, mtu akaandika tugome, vidole gumba vikamiminika, na hiyo ndo ilikua kura yetu. Wenzetu WGA walipiga kura ya kweli wiki kadhaa kabla, asilimia 97.85 wakaunga mkono, afu wakakaa nje siku 148. Sisi hatukufika siku ya tatu. Wawili walichukua kazi kimyakimya usiku uleule, na siwalaumu, mmoja alikua na ada ya mtoto.

Ningerudi nyuma ningempigia simu kila mtu peke yake, maana kwenye grupu kila mtu ni shujaa. Ningemuuliza swali moja tu, unaweza kukaa wiki ngapi bila hela? Halafu ningechukua jibu dogo kuliko yote, hilo ndo urefu wa mgomo wenu, mengine ni kelele.

Jambo lingine ambalo vichekesho vinalipita haraka ni wale wasiogoma wanaoumia. WGA ilikua ya waandishi, lakini vipindi vilipozima hata watu wa kamera, taa na vipodozi walikosa kazi. Ndo maana mwisho wa Agosti 2023 watangazaji watano, yani wale wanne wangu pamoja na Jimmy Fallon, walianzisha podikasti ya pamoja, Strike Force Five, mapato yakaenda kwa wafanyakazi wao waliokua wamekaa bila kazi. Kwetu alikuwepo dada anayepanga kurasa, analipwa kwa faili, tulipogoma naye akakosa na hakuna aliyekua amemwambia. Mpaka leo nikimkuta mtandaoni naona aibu. Kama kazi yako inashika mkono wa mtu mwingine, mwambie kabla.

Sasa kuhusu mashine. Mkataba uliomaliza ule mgomo haukupiga marufuku akili mnemba (AI), watu wengi wanadhani hivo. Ulisema inayotoka kwenye mashine haihesabiki kama kazi ya mwandishi, kampuni haiwezi kumlazimisha mwandishi kuitumia, na ikimpa kitu kilichotengenezwa na mashine lazima imwambie. Hicho kipengele cha mwisho nilikisikia usiku mmoja nikiwa nimechoka kabisa, nikaandika kwenye karatasi. Kumwambia tu! Hakina gharama kwa bosi kwa hiyo ni rahisi kukubaliwa, lakini ukishajua faili limetoka wapi unajua utaje bei gani. Zingatia pia kwamba mkataba wao uliandikwa uishe tarehe 1 Mei 2026, hawakujifunga maisha kwa teknolojia ambayo kila mwezi ni nyingine. Wewe ukisaini kuhusu mashine weka tarehe ya kuisha.

Tuliobaki saba tuliandika barua ya nusu ukurasa, bila matusi, tukaomba hilo moja la kuambiwa faili likiwa limetoka kwenye mashine. Bei hawakurudisha. Lebo waliweka.

Wiki iliyopita limeingia faili saa nne usiku, mstari wa kwanza umeandikwa limetoka kwenye mashine. Nikataja bei yangu kamili. Wakanyamaza mpaka saa sita, wakarudi na bei ya katikati, nikakubali maana kodi ilishafika, nikaweka klipu ya Meyers pembeni nikaanza kurekebisha.