Chumvi Imekwenda Wapi?

Mwaka wangu wa kwanza kufundisha kemia sekondari, somo la mimumunyo nililianza kwa fasili ubaoni: kimumunyishi (kinachomumunya, kama maji), kimumunyishwa (kinachomumunyika, kama chumvi), mmumunyo (mchanganyiko wao). Wanafunzi wakanakili, wakakariri, wakafaulu jaribio. Wiki iliyofuata nikawauliza chumvi niliyoikoroga majini imekwenda wapi. "Imeisha, mwalimu." Mwingine akasema imegeuka maji.

Siku hizi naanza na mizani. Maji gramu 100 kwenye bika, yaani gilasi ya maabara, chumvi gramu 10 pembeni. Kabla sijakoroga, kila mmoja anaandika kwenye daftari uzito anaoutarajia, bila kuhesabu bika. Hatua hii usiiruke hata kama kipindi kinakwisha, maana anayeliona jibu kabla ya kubashiri atakuapia kwamba alilijua tangu jana. Hawakosekani wanaoandika 100, na wachache wa 105, ambao nadhani wanaogopa kukosea sana. Mizani ikisoma 110, darasa linazuka kelele. Waache wabishane kidogo.

Kuna mtego mwingine, nao umo kwenye Kiswahili chenyewe. Barafu tunasema imeyeyuka, na chumvi majini tunasema imeyeyuka. Simkati alama mwanafunzi anayeandika hivyo. Namuuliza tu, imeyeyuka kama barafu? Barafu inataka joto, haihitaji mwenzake. Chumvi ya kawaida kuyeyuka namna hiyo inataka nyuzi 801 za Selsiasi, ilhali maji ya bika lake ni ya baridi. Hapo neno "kumumunyika", yaani kusambaa ndani ya maji hadi kutoonekana, linapata kazi ya kufanya.

Tukifika kwenye kutenganisha, karibu wote hukimbilia karatasi ya kuchujia. Usiwazuie. Wape maji ya chumvi yasiyo na mchanga, wachuje, kisha wavukize tone moja la kilichopita kwenye kipande cha kioo. Karatasi haina kitu, kioo kina utando mweupe. Baada ya hapo hata mchanganyiko wa mchanga na chumvi hausumbui.

Kwenye kuvukiza nimeungua mwenyewe. Nilipasha bakuli hadi likaribie kukauka, punje zikaanza kuruka kama bisi, moja ikanitua mkononi. Sasa nazima moto fuwele (punje za chumvi) zinapoanza kujitokeza kingoni, mabaki ya maji yanajikaukia yenyewe. Miwani ya kinga ni lazima, ya mwalimu ikiwemo.

Ukitaka kuonyesha fuwele zinazotokana na kupoza, chumvi ya kawaida itakuangusha. Gramu 100 za maji humumunya kama gramu 36 zake kwenye nyuzi 20, na kwenye nyuzi 100 ni kama 39 tu. Tumia potasiamu naitreti: kama gramu 32 kwenye nyuzi 20, lakini kama 110 kwenye nyuzi 60. Mmumunyo wa moto ulioshiba, yaani usioweza kumumunya zaidi, ukipoa, sindano nyeupe zinashuka wanafunzi wakitazama.

Kromatografia ya karatasi, yaani kutenganisha rangi za doa la wino kwa maji yanayopanda kwenye karatasi, ni rahisi, ila mstari wa kuanzia uchorwe kwa penseli. Mimi niliwahi kuuchora kwa kalamu, ukapanda pamoja na doa, nikabaki kujieleza. Doa nalo likae juu ya usawa wa maji, la sivyo linamumunyikia chini. Na kama wino ni ule usiofutika kwa maji, hautasogea kabisa. Weka spiriti badala ya maji, mbali na moto.