Bekapu ya tawini imegoma kufunguka makao makuu

SWALI: Mtaalamu habari za kazi. Mimi ni mhasibu ila kompyuta zote za ofisi zimeniangukia mimi. Tuna duka la vifaa vya ujenzi hapa Mwanza na tawi Kahama, kila mwisho wa mwezi tawini wananitumia bekapu ya databesi kwenye flashi, naifungua huku natoa ripoti. Sasa wamenunua kompyuta mpya, fundi akawawekea SQL Server 2019 (programu ya Microsoft ya kutunza databesi), mimi bado niko na 2008 R2, nikirudisha bekapu inanipa erori 3169 eti imetoka seva 15.00 na yangu ni 10.50. Nikadhani flashi imeharibika, nikanakili upya, wapi. Fundi kasema washushe kompatibiliti (mpangilio wa kuifanya databesi ifuate tabia za vesheni ya zamani) iwe 100, wameshusha, bado inagoma. Bosi anataka ripoti Ijumaa!

JIBU: Pole ndugu yangu, flashi haina kosa na bekapu yako ni nzima kabisa. Hizo 15.00 na 10.50 ndo vesheni zenyewe, 2019 na 2008 R2, na SQL Server bekapu yake inapanda tu haishuki, ya zamani utaifungua kwenye mpya ila ya mpya kwenye ya zamani haifunguki hata ufanyeje. Huyo fundi wa kompatibiliti kakupotezea muda. Ile inabadilisha namna seva inavyozisoma amri za programu yako, faili lenyewe la databesi linabaki na umbo la 2019, ndani limeandikwa namba ya umbo 904 wakati seva yako mwisho wake 661. Siku nyingine kabla hujaanza kuhangaika piga amri ya RESTORE HEADERONLY kwenye faili la bekapu, itakuonyesha limetoka vesheni gani.

Kwa ajili ya Ijumaa, waambie tawini wafungue Management Studio (programu ya kusimamia SQL Server), waende Generate Scripts, inayoiandika databesi kama faili la amri, kwenye mipangilio wachague vesheni ya 2008 R2 na wachague muundo pamoja na data, maana wakiacha ilivyo inatoka meza (majedwali ya data) tupu halafu mtalaumiana. Ukilipata hilo faili liendeshe kwenye databesi mpya tupu huko kwako. Kama data ni kubwa skripti itakuwa zigo, hapo bora bcp, zana ya SQL Server ya kutoa na kuingiza data, meza moja moja.

Ila usiifanye hii kila mwezi. Anayepokea bekapu ndo anatakiwa awe na vesheni mpya kuliko wote, kwa hiyo ilitakiwa waanze na wewe, tawi lifuate. Na hiyo 2008 R2 Microsoft waliacha kuihudumia tangu Julai 2019, hata viraka vya usalama hupati, na humo ndo kuna madeni ya wateja wote! Kama mnatumia Express, toleo dogo la SQL Server, leseni ni bure hata kwa 2019, mradi databesi isizidi gigabaiti 10.

Usiiapgredi juu kwa juu kwenye mashine hiyohiyo. Tafuta kompyuta nyingine, iwe Windows 10 au Windows Server 2016 kwenda juu, maana 2019 kwenye Windows 7 haikai, weka SQL Server mpya, rudisha bekapu yako ya 2008 R2 humo, inaruka moja kwa moja bila kupitia vesheni za katikati. Piga DBCC CHECKDB kukagua kama databesi ni nzima, fanya apdeti ya statistiki (takwimu ambazo seva huzitumia kutafuta data haraka), halafu mwite muuzaji afanye mauzo ya majaribio mpaka risiti itoke. Kompatibiliti itabaki 100, iache hivyohivyo mpaka aliyewatengenezea programu aseme iko sawa, kuna ripoti huwa zinageuka kobe ukiipandisha ghafla. Seva ya zamani izime tu, usiifute, lakini ujue mauzo ya baada ya kuhama hayarudi kule kwa bekapu.

SWALI: Mkuu, mimi nimehamisha databesi ya SACCOS yetu kwenda seva mpya, imefunguka vizuri, watumiaji wote wanaonekana ila hakuna anayeweza kuingia. Msomaji, Mbeya.

JIBU: Watumiaji wamo kwenye databesi, ila login zao, yaani akaunti za kuingilia kwenye seva, zinakaa kwenye databesi ya master (ya seva yenyewe) ya seva ya zamani na hiyo hukuhama nayo. Tengeneza login zilezile kwenye seva mpya, halafu kila mtumiaji muunganishe na yake kwa amri ya ALTER USER yenye WITH LOGIN. Usiwafute na kuwaunda upya, ruhusa zao zote zitapotea.