Barua kwa mwanangu anayetaka kusomea vimelea mtandaoni

Mwanangu Neema,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unauliza kama mtu aliyeajiriwa maabara ya hospitali ya mkoa, mwenye shahada ya kwanza ya sayansi ya maabara, anaweza kusomea uzamili wa mikrobiolojia ya kitabibu na magonjwa ya kuambukiza kwa intaneti bila kuacha kazi. Umeongeza na lile swali la wenzako wa zamu: bakteria wataoteshwaje kwenye kompyuta?

Hawaoteshwi. Hakuna chuo kitakachokufundisha kwa video kushika lupu (kijiwaya cha kupakia bakteria), kuchora pleti ya kuoteshea hadi upate koloni mojamoja, au kuona mapema kwamba slaidi imeoshwa kwa spiriti kupita kiasi na bakteria wa Gram chanya, ambao wangebaki zambarau, wote wamegeuka wekundu. Lakini mikono hiyo unayo tayari. Unachokikosa ni uamuzi: hiki kilichoota kina maana gani kwa mgonjwa aliyelala wodini, na uandike nini ili daktari asikosee? Hilo husomwa vizuri tu kwa maandishi, kwa visa vya wagonjwa na kwa kubishana na wenzako walioko nchi nyingine. Mtu asiye na benchi la maabara wala wodi mbele yake nisingemshauri njia hii, maana atatoka na cheti cha maneno. Wewe benchi unalo.

Chukua mfano wa kuotesha damu. Umepokea chupa, imeota Staphylococcus isiyo na koagulasi, bakteria wa kawaida wa ngozini. Shahada ya kwanza ilikufundisha kuitambua, na hapo ikakuacha. Uzamili unaendelea kuuliza: imeota kwenye chupa ngapi kati ya zilizochukuliwa? Baada ya saa ngapi? Mgonjwa ana mpira kwenye mshipa mkubwa? Ngozi ilisafishwa kwa nini, na iliachwa ikauke? Chupa moja kati ya nne ikiota siku ya pili, kwa kawaida huo ni uchafu wa ngozi. Chupa tatu kati ya nne zikiota ndani ya saa 12, mpigie daktari simu sasa hivi. Utasoma pia kwa nini chupa ya mtu mzima inataka mililita 8 hadi 10 za damu: mara nyingi katika damu ya mgonjwa mzima bakteria hawafiki hata 10 kwa mililita moja, kwa hiyo aliyeweka mililita 3 amepunguza nafasi ya kuwapata kabla mashine haijawashwa. Lengo linalokubalika ni uchafuzi usiozidi asilimia 3 ya sampuli za damu zinazooteshwa. Hesabu ya maabara yenu ya miezi mitatu iliyopita unaweza kuifanya wiki hii, kabla hujajiunga na chuo chochote, na itakufaa kwenye maombi.

Kuna jambo jingine ambalo shahada ya kwanza hailigusi sana, nalo ni homa zenyewe. Wagonjwa wenye homa waliolazwa Moshi kati ya mwaka 2007 na 2008 walifuatiliwa kwa vipimo vya kina. Walikuwa 870. Madaktari waliandika malaria kwa asilimia 60.7 yao, iliyothibitika ilikuwa asilimia 1.6. Miongoni mwa waliobaki, wengine walikuwa na bakteria kwenye damu, wengine maambukizi ya leptospira, brusela, homa ya Q au riketsia, na wengine chikungunya, ugonjwa wa virusi ambao jina lake lenyewe ni la Kimakonde na ulitambuliwa kwa mara ya kwanza huko Newala mwaka 1952. Somo la uzamili linakufundisha kukaa mbele ya homa ya namna hiyo na kupanga kipimo kipi kitangulie na kipi hakina faida hata kikiwepo. (Brusela nimeitaja kwa makusudi: huambukiza kwa kuvutwa hewani. Pleti ya damu yenye koloni ndogo zilizochelewa kuota usiinuse, na usiifungue nje ya kabati la usalama.)

Sasa jambo litakalokusumbua, nalo sioni likisemwa kwenye vipeperushi vya vyuo. Programu nyingi za Uingereza hufundisha usomaji wa usugu wa bakteria kwa dawa kwa mwongozo wa EUCAST wa Ulaya: diski yenye dawa huwekwa juu ya pleti, kisha hupimwa duara ambamo bakteria hawakuota. Maabara nyingi za kwetu husoma kwa CLSI ya Marekani. Maandalizi yanafanana: mchanganyiko wa bakteria wenye ukungu wa kiwango cha McFarland 0.5, agari (jeli ya kuoteshea) ya Mueller-Hinton yenye kina cha milimita 4, joto la nyuzi 35. Usichanganye majedwali, kwa sababu diski zenyewe hazilingani. Diski ya sefotaksimu ni mikrogramu 5 kwa EUCAST na 30 kwa CLSI. Ya seftazidimu ni 10 kwa 30. Ukipima kwa diski ya 30 kisha ukasoma jedwali la Ulaya, duara litakuwa kubwa kuliko lilivyotarajiwa na utaandika kwamba dawa inafaa wakati haifai. Herufi I kwenye majibu nayo ni mtego. Tangu mwaka 2019, EUCAST wanaitumia kumaanisha kwamba dawa inafaa ikiwa mgonjwa atapata kiasi kikubwa zaidi. Pseudomonas aeruginosa wa kawaida kabisa atatoka na I kwa antibiotiki ya piperasilini-tazobaktamu, na daktari asiyejua atakimbilia meropenemu, antibiotiki ya akiba, bila sababu. Ndiyo maana nasema uamuzi husomwa: diski umeipanga sawasawa, umepima milimita sawasawa, na bado mgonjwa amepewa dawa isiyomfaa.

EUCAST wana kanuni ya dakika 15 mara tatu: tumia mchanganyiko ndani ya dakika 15, weka diski ndani ya 15 baada ya kupaka, na pleti iingie kwenye inkubeta ndani ya 15 nyingine. Diski zikichelewa kuwekwa, bakteria wanaanza kuota kabla dawa haijasambaa na duara linasinyaa. Zikiwekwa kwa wakati lakini pleti ikacheleweshwa nje, dawa inatangulia na duara linapanuka. Agari ikiwa nyembamba, duara linapanuka. Ikiwa nene, linasinyaa. Na kumbuka kolistini haipimwi kwa diski hata kidogo, wala vankomaisini kwa Staphylococcus aureus, kwa sababu molekuli za antibiotiki hizi mbili ni kubwa na hazisambai vizuri ndani ya agari. Miongozo ya EUCAST hupakuliwa bure. Ipakue leo uone kama lugha yake unaiweza. Hicho ni kipimo kizuri kuliko kusoma tangazo la chuo.

Kuhusu mpangilio wa masomo. Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti, kina programu ya mtandaoni yenye jina hilihili ulilolitaja. London School of Hygiene & Tropical Medicine nayo ina uzamili wa magonjwa ya kuambukiza kwa masafa. Kwa mfumo wa Uingereza, cheti cha uzamili ni krediti 60, stashahada 120, shahada kamili 180, na krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kazi. Basi cheti ni saa 600. Ukizigawa kwa wiki 40 ni saa 15 kila wiki, na hizo ni saa za kusoma kweli, si za kuacha kompyuta ikiwa wazi huku unakaanga samaki. Kwa mtu wa zamu, saa 15 ni asubuhi tatu za baada ya kulala pamoja na Jumapili nzima. Usijiandikishe shahada kamili kwa mkupuo kama chuo kinaruhusu kuanza na cheti. Maisha yakikubana mwaka wa kwanza, utaondoka na karatasi mkononi badala ya deni.

Wengi hawashindwi na ugumu wa somo. Wanaanguka karibu na wiki ya nne au ya tano, pale makala za wiki mbili zinapogongana na zamu za usiku, wakaacha kuandika kwenye ubao wa majadiliano, na alama za ubao huo hazirudi. Siku chuo kitakapotoa ratiba, ibandike kando ya ratiba ya zamu, kisha umwombe msimamizi mabadilishano mwezi mmoja kabla, si siku moja kabla.

Saa za Uingereza zitakuchanganya. Wakati wa baridi tunawatangulia saa tatu, wakati wa kiangazi saa mbili. Wanabadilisha Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Kazi inayotakiwa saa sita mchana London, kwako ni saa tisa alasiri mwezi Januari, lakini saa nane mchana mwezi Juni. Lango la kupokea kazi kwenye tovuti huwa linajifunga lenyewe. Tuma siku moja kabla, maana umeme ukikatika hutakuwa na wa kumlalamikia. Andika kazi kwenye faili lililo ndani ya kompyuta, usiandike moja kwa moja kwenye tovuti. Video za masomo pakua usiku kwa ubora wa chini. Saa moja ya video ya ubora wa kati inakula karibu nusu gigabaiti, na bando lako litalia.

Utaombwa kutoa visa kutoka kazini. Picha ya pleti ni sawa. Picha ya pleti yenye jina, namba ya hospitali au tarehe ya sampuli si sawa, hata kama wanaoiona ni wanafunzi 30 tu. Uandishi nao una sheria zake: kila sentensi iliyotoka kwa mtu mwingine itajwe chanzo, na kazi hupitishwa kwenye programu ya kulinganisha maandishi. Kutafsiri aya ya mtu na kuiita yako bado ni wizi.

Tasnifu ifikirie mapema. Ukitaka kutumia takwimu za wagonjwa wa hospitali yenu, kibali cha maadili cha chuo hakitoshi. Unahitaji na cha NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, pamoja na ruhusa ya hospitali. Karatasi hizo zinaweza kula miezi. Mapitio ya tafiti zilizokwisha kuchapishwa hayahitaji kugusa faili la mgonjwa, na kwa mtu aliye kazini ningeyapa nafasi ya kwanza, ila yanadai nidhamu ya kurekodi kila ulichokitafuta na kila ulichokikataa na kwa nini.

Kabla ya kulipa chochote, iulize TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kwa maandishi kama watakitambua cheti cha chuo hicho kilichosomwa kwa njia ya mtandao, na uliulize Baraza la Wataalamu wa Maabara za Afya kama kitabadilisha chochote kwenye usajili wako. Ulize na mwajiri kuhusu muundo wa utumishi. Majibu matatu tofauti, usidhani moja linabeba mengine. Wala usichanganye shahada hii na udaktari bingwa. Bingwa wa mikrobiolojia huanza na shahada ya udaktari kisha MMed (uzamili wa udaktari), nayo husomwa kwa kuwapo hospitalini.

Ada hulipwa kwa pauni. Ukituma kwa benki, chagua mtumaji abebe makato yote, kwa sababu benki ya katikati ikikata pauni 15 njiani, chuo kitahesabu kwamba hujamaliza kulipa na kitakufungia mlango wa masomo. Ulizia pia kama bei ya krediti imefungwa tangu unapoanza au hupanda kila mwaka. Upo ufadhili wa Jumuiya ya Madola wa masomo ya masafa, na Mtanzania anaruhusiwa kuomba, lakini ni kwa programu zilizoorodheshwa tu na orodha hubadilika. Mara nyingi unaomba chuo na ufadhili kwa wakati mmoja, kila kimoja kwa fomu yake na tarehe yake. Ukitakiwa mtihani wa Kiingereza wa IELTS, wengi hutaka wastani wa 6.5, na matokeo hudumu miaka miwili. Usiukimbilie kabla hujajua utaomba lini.

Barua ya kujieleza usiianze na kwamba tangu utotoni ulipenda sayansi. Anza na ile hesabu ya chupa za damu: sampuli ngapi, ngapi zilichafuka, mlibadilisha nini, miezi mitatu baadaye ikawaje. Maneno 500 yanatosha. Nitumie rasimu kabla ya Ijumaa, na transkripti yako uipige picha mchana, ile ya juzi ina kivuli cha mkono na alama za mwaka wa tatu hazisomeki.

Mama yako