Paa jepesi la gari la zamani: mgongo wangu ndio ulionifundisha

Mvua ya kwanza kubwa ya Novemba ilinikuta barabara ya Likasi, peke yangu, ndani ya gari lisilo na paa. Paa lilikuwepo, ila nililiacha nyumbani Lubumbashi. Asubuhi jua lilikuwa kali, nikamwita mdogo wangu tulivue pamoja, maana mtu mmoja alikuwa haliwezi, na buti halikulikubali. Nikasimama kwenye vibanda vya wauza makala (makaa ya kupikia) huku nikikinga maji na turubai la kuazima. Mama mmoja akaniangalia weee, kisha akauliza: "Papa, motoka yako iliacha kichwa ku nyumba?"

Gari lenyewe ni VW-Porsche 914, zile zilizotengenezwa Ujerumani kati ya 1969 na 1976. Viti viwili, injini nyuma ya viti, buti mbele na buti nyuma. Kiwandani lilitoka na paa la fibaglasi la kipande kimoja, unalivua na kulilaza ndani ya buti la nyuma. Nilipolinunua, paa hilo lilishapotea zamani, na mahali pake palikuwa na kazi ya fundi wa kuchomelea: bati la milimita moja na nusu juu ya fremu ya mabomba. Nililipima kwenye mizani ya sokoni, kilo 17. Kwa hiyo nikaamua kutengeneza langu. Nimetengeneza matatu, na mawili ya kwanza yalinishinda. Kama una Corvette, Fiat X1/9, au Toyota ya zamani yenye paa la kuvua, mengi ya haya yatakufaa.

Nianze na uzito, kwa sababu hapo watu hudanganyana sana. Fibaglasi haiwi nyepesi kwa jina lake tu. Mkeka wa kawaida wa nyuzi za kioo, wa gramu 450 kwa mita ya mraba, hunywa resini (ile gundi ya majimaji inayoganda) mara mbili ya uzito wake au zaidi kidogo, kwa hiyo kila tabaka ni karibu kilo moja na nusu kwa mita ya mraba. Tabaka tatu ni kilo nne na kitu. Ukiweka tano kwa woga umeshapita bati la bodi la milimita 0.8, ambalo ni kilo sita na robo kwa mita hiyo hiyo. Nimewahi kuona fundi anamimina resini kama anapaka mchuzi juu ya bukari (ugali). Resini ya ziada haiongezi nguvu, inaongeza kilo na kufanya kitu kivunjike kama biskuti. Mkeka ulowe, usiogelee.

Ugumu unautoa kwenye unene. Ukizidisha unene wa bamba mara mbili, ugumu wake wa kupinda huongezeka mara nane. Ndiyo maana tabaka mbili zikitenganishwa na povu gumu la milimita tano au sita hushinda tabaka nne zilizobanana. Paa langu la sasa lina tabaka mbili, mbavu tatu za povu upande wa ndani, kisha tabaka moja la kufunika. Pamoja na makomeo na mpira ni kilo tano na nusu. Nalivua kwa mikono miwili huku nikiongea na mtu. Tahadhari moja: usitumie lile povu jeupe la maboksi ya televisheni pamoja na resini ya polyester. Linayeyuka mbele ya macho yako.

Sasa ngoja niseme kosa langu kubwa, ambalo halihusiani na resini hata kidogo. Paa la kwanza nililipima gari likiwa juu ya matofali, kama yalivyo magari yetu mengi yanayongoja vipuri. Lilikaa vizuri ajabu, nikaita hata majirani. Nikarudisha magurudumu, nikashusha gari chini, na upande wa abiria ukaacha nafasi inayoingia kidole. Gari lisilo na paa la kudumu hupinda. Nguvu yote iko sakafuni na kwenye mabomba ya pembeni, na matofali yakilishika mahali pasipo pake, uwazi wa juu hubadilika milimita kadhaa. Pima likiwa juu ya matairi yake, pumzi sawa pande zote, milango imefungwa. Pima pembe kwa pembe, mishazari miwili. Ikitofautiana, tatizo liko chini. Kwenye 914 angalia kwanza sehemu iliyo chini ya betri, ndani ya chumba cha injini upande wa kulia. Asidi na maji hula chuma pale hadi kwenye fremu. Mimi nilichomelea pale wiki mbili kabla ya kugusa tena paa.

La pili lilikaa sawasawa juu ya gari, ila mbavu nilizifanya nene mno na kifuniko cha buti kikagoma kufunga. Ningeweza kujifariji na Waingereza: Triumph TR4 ya 1961 iliweza kuwa na paa gumu la katikati ambalo halikuwa na pa kuwekwa garini, ikabidi watoe na kipande laini cha kukunja kwa ajili ya safari. Faraja haikingi mvua. Nikaliegemeza ukutani uani nikisubiri akili inijie, na kwa kuwa ilikuwa Oktoba, mwezi wetu wa joto, na nilikuwa nimelipaka rangi nyeusi, baada ya siku nne lilikuwa limekunja mgongo. Resini ya bei nafuu ambayo haijaiva vizuri hulegea joto linapofika nyuzi sitini na kitu, na kitu cheusi juani hapa hufika huko bila shida. Tangu siku hiyo nalilaza bapa, kivulini, na rangi ni nyeupe. Wapenzi wa asili wanalalamika, waje walivue wao.

Majira nayo yana neno. Juni na Julai asubuhi ni baridi, resini inachelewa kuganda, utadhani umeuziwa maji. Oktoba inagandia kwenye ndoo kabla hujachovya brashi. Dawa ya kugandisha huwa kati ya asilimia moja na mbili ya resini. Joto likizidi, punguza kuelekea moja na uanze kazi saa kumi na mbili asubuhi. Mvua zikishaanza, weka mkeka ndani ya mfuko uliofungwa, ukinyonya unyevu paa linatoka na madoa kama maziwa. Na ukinunua ile dawa nyingine ya zambarau ya kuharakisha, usiichanganye kamwe moja kwa moja na dawa ya kugandisha. Hulipuka. Vaa miwani, maana tone la dawa ya kugandisha likiingia jichoni linaweza kulipofua. Wakati wa kusugua kwa msasa vaa barakoa ya kweli, siyo leso.

Kuhusu nyuzi za kaboni, vijana wananiuliza sana. Ni nyepesi zaidi, sikatai. Lakini kaboni ikigusana na aluminiamu au chuma penye unyevu, chuma ndicho kinacholiwa, kwa hiyo makomeo lazima yatenganishwe nayo kwa tabaka la fibaglasi. Kwa fedha hiyo mimi ningenunua mipira mipya.

Na makomeo usiyafunge kwenye fibaglasi tupu. Gari likikimbia, hewa inayopita juu huvuta paa kwenda juu, na kwa kilomita 100 kwa saa mvuto huo unaweza kuzidi uzito wa paa jepesi mara kadhaa. Lile la kilo 17 lilijishikilia lenyewe kwa ubaya wake. Hili jepesi linashikwa na komeo tu. Zika kipande cha chuma kati ya tabaka kila penye skrubu, kisha pitisha boliti hadi upande wa pili.

Mpira wa kuziba weka mwisho kabisa, paa likiwa limefungwa, na ujaribu kwa kipande cha karatasi: kikivutika kwa urahisi popote, maji yatapita hapo. Mwagia kwa ndoo, siyo kwa bomba la nguvu. Langu bado linavuja tone moja juu ya goti la dereva, kona ya kushoto, mvua ikija na upepo.

Lile bati la kilo 17 mama mkwe alilichukua. Linafunika kibanda cha kuku kule Katuba, na kuku hawajawahi kulowa.