Jiwe kubwa la figo: mgongoni au njia ya mkojo?

SWALI: Shikamoo daktari. Baba yangu ana jiwe la milimita 28 katika figo ya kulia. Daktari mmoja anataka kumtoboa mgongoni, mwingine anasema atapitia njia ya mkojo bila kumkata. Tufuate lipi? Msomaji, Kisauni, Mombasa.

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa kuuguza. Jiwe linalozidi milimita 20 kwa kawaida hutolewa kwa njia ya mgongoni: mgonjwa akiwa usingizini, hutobolewa tundu la upana wa sentimita 1 hivi, kamera ikapitishwa hadi ndani ya figo, jiwe likavunjwa na vipande vikatolewa papo hapo, ndiyo maana figo mara nyingi husafika kwa mara moja. Hatari zake ni kutokwa na damu na homa ya maambukizi. Msishtuke mkiona mkojo wa siku ya kwanza una rangi ya maji ya komamanga; ukizidi kuwa mwekundu au ukatoa mabonge, mwiteni muuguzi mara moja.

Njia ya mkojo, inayotumia mrija mwembamba na miale ya leza, haiachi kidonda, lakini kwa jiwe kubwa hivyo huenda ikabidi irudiwe. Hata hivyo, kama baba anatumia dawa za kuzuia damu kuganda na hawezi kuziacha, mimi ningemchagulia hiyo. Mawimbi ya kuvunja jiwe kutoka nje hayalitoshi jiwe hili, na kupasua figo sasa ni nadra.

Kwa njia yoyote, mkojo wake uoteshwe maabara kwanza, na maambukizi yakionekana yatibiwe kabla ya upasuaji.