Jibu: Kesi ya ofisi ya mwendesha mashtaka New Jersey, nani anamlipa wakili?

Habari dada. Kwa nilivyokuelewa uko ofisi ya mwendesha mashtaka wa kaunti huko New Jersey, mmefunguliwa kesi ya madai, kaunti inasema jimbo ndo lilipe wakili, jimbo nalo linasema nyie watu wa kaunti. Nipo idara ya madai ya kaunti, huu mpira tunarushiana kila siku.

Kwanza angalia tarehe uliyopokea samansi. Sheria inakupa siku 10 kumfikishia Mwanasheria Mkuu wa jimbo nakala, so peleka leo hata kama bado wanabishana.

Halafu soma hati ya mdai uone analalamikia nini hasa. Kama ni upelelezi, kukamata mtu, kufungua mashtaka, jimbo ndo linabeba, wakili na fidia, hata kama mshahara wako unatoka kaunti, Mahakama ya Juu ya New Jersey ilishasema hivyo kwenye kesi ya Wright 2001. Ugomvi wa ajira, mfano mtu kanyimwa cheo, huo wa kaunti. Vipi mali iliyoshikwa kwenye upelelezi, mwenyewe anadai haikutunzwa? Jimbo lilitaka kuchomoka hapo eti ni kazi ya utawala tu, likashindwa 2014 kesi ya Lavezzi.

Jimbo linaweza kukataa kukutetea kwa udanganyifu, kosa la makusudi, nia mbaya, mgongano wa maslahi au ulitoka nje ya kazi yako. Barua yao ya kukataa sijaiona, ila kama haitaji hata moja kati ya hizo, waandikie uwadai sababu.